Chakula cha Mgonjwa wa Figo: Anza na Karatasi ya Vipimo, Orodha ya Makatazo Ije Baadaye

Mtu akishaambiwa kwamba figo zake zimepungua nguvu, jambo la kwanza analotafuta ni orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Anaipata siku hiyohiyo. Jirani ana yake, shangazi ana yake, na simu inamletea nyingine tatu. Akiziunganisha zote, hakibaki cha kula. Anaacha nyama, maharage, ndizi, maziwa, viazi na mboga za majani kwa mkupuo mmoja. Baada ya miezi miwili amekonda na kuishiwa nguvu, na chumvi, iliyotakiwa kupungua kabla ya vyote hivyo, bado iko palepale kwenye sufuria.

Mama yangu alipita njia hiyo. Alikonda sana, kisha kreatinini yake, taka ya damuni ambayo hupimwa kujua figo zinafanyaje kazi, ikashuka kidogo, nasi nyumbani tukashangilia. Hatukujua kwamba kreatinini hutoka kwenye misuli, na misuli ikiisha namba hiyo hushuka hata kama figo haijapata nafuu yoyote. Tulikuwa tunashangilia njaa.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye hajaanza dialisisi, yaani kusafishwa damu. Pale ambapo dialisisi inageuza hesabu, nitasema. Mtoto, mama mjamzito na mtu aliyepandikizwa figo wanahitaji mpango wao wenyewe kutoka kwa daktari, wasitumie namba za hapa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya matokeo ya vipimo vya karibuni: kreatinini, kiwango cha uchujaji (huandikwa eGFR), potasiamu, fosforasi, bikaboneti (ikiwa chini, asidi imezidi damuni), na albumini (aina ya protini) kwenye mkojo.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kununua bila cheti, za mitishamba na za nyongeza ya lishe.
- Mizani ya kupimia uzito wa mwili, na mashine ya presha ukiweza.
- Mizani ndogo ya jikoni. Ukiikosa, kijiko cha chai cha kupimia.
- Kikombe chenye alama za mililita.
- Sufuria kubwa kuliko unayodhani unahitaji. Sababu utaiona hatua ya 6.
- Daftari na kalamu.

Ukikosa vyote, usikose kile cha kwanza. Bila vipimo unabahatisha.

## Hatua ya 1: Soma karatasi yako kabla ya kugusa chakula

Ugonjwa huitwa sugu ukidumu miezi 3 au zaidi, na hupangwa kwa eGFR. Namba ya 90 na kuendelea, pakiwa na dalili nyingine ya uharibifu kama albumini kwenye mkojo, ni hatua ya kwanza. 60 hadi 89 ni ya pili. 30 hadi 59 ni ya tatu. 15 hadi 29 ni ya nne. Chini ya 15 ni ya tano.

Namba hiyo peke yake haikwambii ule nini. Watu wawili wenye eGFR ya 35 wanaweza kuhitaji sahani tofauti kabisa. Mmoja potasiamu yake ni 4.2, hana sababu ya kuogopa ndizi. Mwenzake ana 5.8 na ndizi kwake ni jambo la kuhesabu. Orodha za mitaani zinapotosha kwa sababu ziliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine mwenye damu nyingine.

Chukua daftari, andika namba zako kwenye ukurasa wa kwanza, na mbele ya kila moja andika kama iko juu, chini au sawa. Maabara huandika kiwango cha kawaida pembeni.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumwambia mtu bila kuangalia karatasi: potasiamu yangu ni kadhaa, fosforasi yangu ni kadhaa, na daktari ana wasiwasi na hii moja.

## Hatua ya 2: Andika unachokula siku 3, bila kubadili kitu

Siku mbili za kazi na moja ya mapumziko. Andika kila kinachopita mdomoni, vinywaji na dawa vikiwemo, na kipimo chake kwa makadirio.

Hatua hii watu huiruka, wakiona inachelewesha. Lakini chumvi nyingi au fosforasi nyingi mara nyingi hutoka kwenye kitu kimoja au viwili tu vinavyojirudia kila siku, na ukikijua hicho huhitaji kuvuruga sahani nzima. Mtaalamu wa lishe pia atakusaidia mara kumi zaidi ukimpelekea daftari hilo kuliko ukimpelekea maelezo ya kichwani.

## Hatua ya 3: Shusha chumvi

Hapa ndipo pa kuanzia kwa karibu kila mgonjwa, hata yule ambaye potasiamu na fosforasi zake ziko sawa. Chumvi huvuta maji mwilini, maji huongeza presha, na presha huumiza vichujio vya figo vilivyobaki. Pia dawa nyingi za presha na za kupunguza albumini kwenye mkojo hufanya kazi vizuri zaidi chumvi ikiwa kidogo.

Kikomo kilichowekwa na KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya magonjwa ya figo, ni sodiamu chini ya gramu 2 kwa siku. Hiyo ni sawa na chumvi gramu 5, takriban kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilele. Na humo imo chumvi yote: ya mkate, ya pakiti, ya sufuria na ya mezani.

Fanya hivi:

1. Kila asubuhi pima nusu kijiko cha chai cha chumvi na ukiweke kwenye kichupa chako. Hiyo ndiyo ya kupikia chakula chako siku nzima. Nusu nyingine iachie vyakula vilivyokwisha kutiwa chumvi kabla hujavinunua.
2. Ondoa kichupa cha chumvi mezani.
3. Acha vidonge vya mchuzi na unga wa supu wa pakiti. Karibu nusu ya uzito wake ni chumvi.
4. Punguza soseji, nyama na samaki waliokaushwa kwa chumvi, chipsi za pakiti, tambi za haraka na sosi za chupa.
5. Jaza pengo la ladha: kitunguu saumu, tangawizi, limau, pilipili manga, bizari, giligilani, siki. Limau litie mwishoni, moto ukishazimwa, ndipo linapoufikia ulimi kama chumvi.

Kwenye lebo, ukikuta sodiamu imeandikwa, izidishe mara 2.5 kupata chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Angalia pia dawa za maumivu zinazoyeyuka majini kwa povu. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na zaidi ya miligramu 300 za sodiamu.

Onyo kubwa. Usinunue chumvi mbadala inayotangazwa kuwa haina sodiamu au ina sodiamu kidogo. Mara nyingi sodiamu imeondolewa na kuwekwa potasiamu kloridi, ambayo kwenye lebo huweza kuonekana kama E508. Kwa mwenye figo dhaifu, kijiko cha chumvi hiyo kinaweza kupandisha potasiamu hadi kiwango cha kuuvuruga moyo. Nasisitiza kwa sababu anayeinunua anafanya hivyo kwa nia njema kabisa, na dukani huwa imepangwa kama chakula cha afya.

Wiki mbili za kwanza chakula kitakuwa kama maji. Vumilia. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baada ya hapo chakula cha wengine kitakukera kwa chumvi.

Utajua umefanikiwa kiu ikipungua, viatu visipobana jioni, na presha ya asubuhi ikianza kuteremka daftarini. Ikiteremka sana ukawa unapata kizunguzungu ukisimama, mwone daktari. Huenda dawa inahitaji kupunguzwa.

## Hatua ya 4: Pima protini, usiifute

Figo hutoa taka zinazotokana na protini, kwa hiyo protini nyingi ni kazi nyingi. Lakini mwili hauna namna ya kujenga misuli na kinga bila hiyo. Kwa mtu aliye hatua ya tatu hadi ya tano bila dialisisi, mwongozo wa KDIGO wa mwaka 2024 unapendekeza gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kutozidi 1.3.

Hesabu ni rahisi. Mtu wa kilo 60: 60 × 0.8 = gramu 48 kwa siku.

Gramu 48 zinaonekanaje kwenye sahani? Yai moja lina takriban gramu 6. Nyama, kuku au samaki aliyepikwa wa gramu 30 ana karibu 7. Kikombe cha maziwa kina 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina karibu 15, na cha wali karibu 4. Kipande cha mkate kina 2 hadi 3.

Kwa hiyo yai moja asubuhi, kikombe cha maharage mchana na kipande cha samaki cha gramu 60 jioni vinakupa kama 35. Wali, mkate na mboga vinamalizia. Siku hiyo haina chochote cha mateso.

Kama umevimba au una uzito uliopitiliza, usitumie namba ya mizani moja kwa moja. Muulize mtaalamu atumie uzito gani. Na kama ni mzee aliyeanza kudhoofika, kulinda misuli hutangulia. Kwake huenda protini isipunguzwe kabisa.

Sehemu ya protini hiyo itoke kwenye maharage, dengu, choroko na njegere. Wengi hushtuka hapa, maana maharage yamo kwenye kila orodha ya makatazo. Ukweli ni kwamba fosforasi ya mimea hufyonzwa kidogo kuliko ya nyama, na protini ya mimea huleta asidi kidogo mwilini. Mwenye potasiamu ya juu atayachemsha kwa maji mengi na kuyamwaga. Mwenye potasiamu ya kawaida hana cha kuogopa.

Ukiwa kwenye dialisisi, geuza hesabu. Kusafishwa damu hupoteza protini, na mahitaji hupanda hadi gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Anayeendelea na mlo wa zamani baada ya kuanza mashine anajidhoofisha bila kujua.

## Hatua ya 5: Rudisha nguvu uliyoiondoa

Ukipunguza nyama usipoweka kitu mahali pake, mwili utachoma misuli yako kupata nguvu, na taka za misuli hiyo zitaishia kwenye figo zilezile. Lengo ni kilokalori 25 hadi 35 kwa kilo, yaani 1500 hadi 2100 kwa mtu wa kilo 60. Ongeza wanga na mafuta ya mimea kwa kipimo.

Jipime uzito kila wiki, asubuhi, baada ya kukojoa. Uzito ukishuka mwezi hadi mwezi bila wewe kukusudia, mlo umekuwa mkali mno. Rudi nyuma hatua moja.

## Hatua ya 6: Potasiamu, ikiwa tu damu imesema

Kiwango cha kawaida ni takriban 3.5 hadi 5.0. Kama uko humo, ruka hatua hii na ule matunda na mboga zako. Nasema hivi nikijua wapo watakaobisha, lakini mboga na matunda hupunguza asidi mwilini na kulainisha choo, na kuyaacha bila sababu ni hasara.

Kama imepanda, kabla ya kulaumu chakula angalia haya manne:

- Sampuli. Chembe za damu zikipasuka wakati wa kuchukua au kusafirisha damu, potasiamu husoma juu kwa uongo. Daktari anaweza kuagiza kipimo kirudiwe.
- Dawa. Baadhi ya dawa za presha, zikiwemo enalapril, losartan na spironolactone, hupandisha potasiamu. Usiziache mwenyewe, kwa sababu mbili za kwanza mara nyingi ndizo zinazolinda figo. Ulizia.
- Choo. Figo zikichoka, utumbo husaidia kutoa potasiamu. Ukikaa siku tatu bila choo, hubaki ndani.
- Sukari na asidi. Kisukari kisichodhibitiwa na bikaboneti ya chini vyote huisukuma potasiamu kutoka kwenye chembe kuingia damuni.

Baada ya hapo ndipo uje jikoni. Vinavyobeba nyingi ni viazi, ndizi, parachichi, nyanya za kukolezwa, juisi, matunda yaliyokaushwa na maji ya nazi. Ndizi moja ya wastani ina kama miligramu 420. Tufaha moja halifiki nusu ya hapo.

### Kuchemsha na kumwaga maji

Hapa ndipo wengi wanakosea: wanaloweka viazi usiku kucha, wanavipika kwa maji kidogo, halafu wanashangaa potasiamu haishuki. Kuloweka viazi vibichi peke yake husaidia kidogo sana. Joto ndilo linalovunja kuta za chembe na kuiachia potasiamu.

1. Menya, kisha kata vipande vidogo. Viazi vilivyokatwa vipande na kuchemshwa hupoteza takriban nusu ya potasiamu. Vilivyokunwa hupoteza zaidi, hadi kama robo tatu.
2. Weka kwenye sufuria kubwa, maji yawe mengi mara kadhaa kuliko viazi.
3. Chemsha hadi viive kabisa.
4. Mwaga maji yote. Usiyatumie kwa mchuzi wala supu, maana potasiamu imehamia humo.
5. Sasa unga, kaanga au ponda upendavyo.

Fanya vivyo hivyo kwa mboga za majani na maharage. Kupika kwa mvuke au kuoka hakuondoi potasiamu kwa namna hii.

Onyo. Usile karambola, lile tunda ambalo ukilikata vipande hutoa umbo la nyota, wala juisi yake. Lina sumu ambayo figo nzima huitoa lakini figo dhaifu haiwezi. Huanza kwa kwikwi zisizoisha, kisha kuchanganyikiwa, hata degedege na kifo. Hapa hakuna kiasi kidogo kilicho salama.

Nenda hospitali siku hiyohiyo potasiamu ikisoma 6 au zaidi, au misuli ikilegea ghafla, au moyo ukipiga kwa kurukaruka. Mara nyingine potasiamu ya hatari haina dalili yoyote, ndiyo maana kipimo hakiahirishwi kwa sababu unajisikia vizuri.

### Ukiwa na kisukari pia

Figo dhaifu huchelewa kuondoa insulini, kwa hiyo dozi uliyoizoea inaweza kukushusha sukari kuliko zamani, hasa ukianza kula kidogo. Pima mara nyingi zaidi unapobadili mlo na mpe daktari namba hizo. Sukari ikishuka, usikimbilie juisi ya machungwa kama potasiamu yako iko juu. Tumia glukosi au sukari iliyoyeyushwa kwenye maji.

## Hatua ya 7: Fosforasi iliyofichwa

Fosforasi ikizidi damuni huvuta kalisi kutoka kwenye mifupa, huleta muwasho wa ngozi na kukakamaza mishipa. Ile ya asili kwenye vyakula hufyonzwa kwa sehemu tu. Ile inayoongezwa kiwandani hufyonzwa karibu yote, na hapo ndipo pa kukaza.

Soma lebo ukitafuta herufi P-H-O-S zikifuatana popote ndani ya neno, au namba E338 hadi E341, E343, na E450 hadi E452. Utazikuta kwenye soda nyeusi, nyama za kusindikwa, jibini laini la kupakwa na unga wa vinywaji. Baking poda nyingi nazo zinazo, pamoja na sodiamu. Kwa mkate na maandazi tumia hamira.

Kama umepewa dawa za kukamata fosforasi, meza pamoja na chakula. Ukizimeza saa mbili baadaye hazina cha kukamata.

## Hatua ya 8: Maji

Kunywa maji mengi hakusafishi figo zilizokwisha kuumia. Katika hatua za mwanzo kunywa kwa kiu yako, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Mkojo ukianza kupungua au miguu ikivimba, huwekwa kikomo. Kwa walio kwenye dialisisi mara nyingi ni kiasi cha mkojo wa saa 24 ukijumlisha mililita 500. Supu, chai, uji na barafu vyote vinahesabiwa.

Kilo 1 iliyoongezeka usiku mmoja ni lita 1 ya maji, haiwezi kuwa mafuta. Kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, au kukosa pumzi ukilala chali, ni sababu ya kwenda hospitali.

## Hatua ya 9: Rudi maabara kwa utaratibu

Badili jambo moja kwa wakati, chumvi kwanza, kisha lingine. Ukibadili manne siku moja, hutajua lipi limekusaidia na lipi limekudhuru. Tarehe ya kurudia vipimo ipange na daktari. Potasiamu iliyopanda hurudiwa mapema, wakati mwingine ndani ya siku chache.

Kabla ya kipimo cha kreatinini, usile nyama kwa muda wa saa 12. Nyama iliyopikwa ina kreatinini yake, na inaweza kuipandisha namba yako ukaogopa bure. Usitumie dawa za maumivu kama ibuprofen au diclofenac bila ruhusa, wakati huo wala mwingine. Huweza kupunguza damu inayoingia kwenye figo.

Siku ya kliniki beba daftari, orodha ya dawa na uzito wa kila wiki. Kreatinini ikiwa imeshuka, uliza swali ambalo sisi hatukuliuliza: na misuli yangu ikoje?